Wycliffe Katika Butali: Safari ya Jina la Ukoo wa Kiingereza Hadi Uluhya

1.0 Utangulizi

Wahakiki wa fasihi ya Kiswahili wamezoea kuyasoma majina ya wahusika kama sehemu ya ujumbe wa mtunzi. Msomaji wa Rosa Mistika (1971) ya Euphrase Kezilahabi halipiti jina la mhusika mkuu bila kuisikia ndani yake sala ya Kikatoliki, na bila kuipima sala hiyo dhidi ya maisha ya msichana anayeitwa hivyo. Majina ya watu halisi, hata hivyo, yameachiwa wanaanthropolojia na makarani wa sajili, kana kwamba hayana mtunzi, hadhira wala historia ya upokezi.

Makala haya yanalichukua jina moja la aina hiyo, Wycliffe, na kulisoma kama matini. Mahali pa usomaji ni Butali, kituo cha biashara katika eneo la Malava, kaskazini mwa mji wa Kakamega, katika nchi ya Wakabarasi yenye mashamba mapana ya miwa. Hapa, kama kwingineko Uluhya, Wycliffe ni jina la mwalimu, la mwendesha bodaboda na la mwanafunzi. Huko lilikozaliwa ni jina la ukoo, tena lisilosikika sana siku hizi. Swali ni namna jina la ukoo wa Kiingereza lilivyogeuka kuwa jina la kwanza la Mluhya, na kama mgeuko huo ni dalili ya utumwa wa fikra au ni kitu kingine. Hoja itakayotetewa ni kwamba Uluhya haukulipokea jina hili kama lilivyokuja. Ulilipa kazi ambayo jina la mtu limekuwa nayo hapa tangu kale: kumwita marehemu anayestahili kurudi.

2.0 Asili: Mahali, Ukoo na Mtu

Majina mengi ya koo za Kiingereza yalitokana na mahali, na Wycliffe ni mojawapo. Kijiji cha Wycliffe kiko ukingoni mwa mto Tees, kaskazini mwa Uingereza, katika eneo lililokuwa sehemu ya Yorkshire, ingawa tangu mabadiliko ya mipaka ya mwaka 1974 kiutawala kimo katika Durham. Kimetajwa katika Domesday, kitabu cha hesabu ya ardhi cha mwaka 1086. Sehemu ya pili ya neno haina utata: ni neno la Kiingereza cha Kale lenye maana ya genge au ukingo mkali. Kuhusu sehemu ya kwanza wataalamu wametofautiana, wengine wakiisoma kuwa ni weupe, na wengine kuwa ni kona ya mto. Vyovyote iwavyo, maana ya awali ni ya ardhi na maji tu. Haina dini wala fadhila.

Wenye shamba la kijiji hicho walijulikana kwa jina lake, na jina likarithiwa pamoja na ardhi. Hapa pana tofauti inayofaa kuzingatiwa na msomaji wa Butali. Katika mfano huu wa Kiingereza, mahali palimzalia mtu jina. Katika masimulizi mengi ya Waluhya mwelekeo ni kinyume: mtu, yaani babu mwanzilishi, ndiye aliyepazalia mahali jina, kama inavyosimuliwa kuhusu Bunyore na Maragoli. Ukoo wa Tees ulitambuliwa kwa ardhi uliyokaa, na ardhi ya Uluhya ikatambuliwa kwa mzee aliyeikalia.

Jina hili lisingetoka katika bonde la Tees lau si mtu mmoja. John Wycliffe, anayeaminika kuwa wa ukoo huo, alikuwa mwanatheolojia wa Oxford katika karne ya 14. Alipinga utajiri na mamlaka ya kidunia ya Kanisa, akashikilia kwamba Maandiko ndiyo kipimo cha juu. Yeye na wenzake wanahusishwa na tafsiri ya Biblia yote kutoka Kilatini hadi Kiingereza, lugha iliyodharauliwa na wasomi wa wakati ule kuwa haiwezi kubeba mambo mazito. Alifariki Lutterworth tarehe 31 Desemba 1384. Mwaka 1415 Mtaguso wa Constance ulimtangaza kuwa mzushi, na mwaka 1428 mifupa yake ilifukuliwa, ikachomwa, na majivu yakatupwa katika mto Swift.

Tangu hapo jina likawa na historia mbili. Kama jina la ukoo lilififia. Mapema katika karne ya 17 shamba la Wycliffe lilipita kwa akina Tunstall kwa njia ya ndoa ya binti. Tawi la jina lilivuka bahari likaandikwa Wickliffe huko Marekani, ambako Charles A. Wickliffe alikuwa gavana wa Kentucky mwaka 1839 hadi 1840. Kama jina la kumbukumbu, kwa upande wake, lilizidi kupanda hadhi. Waprotestanti walimwona John Wycliffe kuwa mtangulizi wa Matengenezo ya Kanisa. Chuo cha Wycliffe Hall kilianzishwa Oxford mwaka 1877, na mwaka 1942 shirika la Kimarekani la watafsiri wa Biblia likajiita kwa jina lake. Jina la wenye shamba lilikuwa limekwisha kuwa jina la kazi ya tafsiri.

3.0 Njia ya Kuingia Kabarasi

Wamisionari wa Marafiki kutoka Marekani, akina Willis Hotchkiss, Edgar Hole na Arthur Chilson, walianzisha kituo cha Kaimosi mwaka 1902. Kutoka huko mtandao wa Marafiki ulienea Maragoli, Bukusu na Kabarasi, na Malava ikawa mojawapo ya vituo vyao. Wakatoliki wa Mill Hill walifika Mukumu mwaka 1906. Mwaka huo huo Waanglikana wa CMS walianza Maseno, na mwaka 1912 wakaanza Butere. Kila dhehebu lilikuja na desturi yake ya majina.

Tofauti hizi hupuuzwa mara nyingi pale majina yote ya kigeni yanapoitwa kwa jumla majina ya ubatizo. Marafiki hawabatizi kwa maji. Kwa hiyo, katika sehemu kubwa ya Uluhya, jina jipya halikuhitaji kisima cha ubatizo ili lipatikane. Lilitolewa na mlango wa shule, na darasa la wanafunzi wa dini, na daftari la mwajiri. Serikali ya kikoloni nayo ilidai majina yanayoandikika: sheria ya kipande iliyotungwa mwaka 1915, na kuanza kutekelezwa baada ya Vita Vikuu vya Kwanza, ilimlazimu mwanamume Mwafrika kuwa na jina katika karatasi kabla ya kutafuta kazi. Kwa Wakatoliki, mtoto alipewa jina la mtakatifu. Katika utaratibu huo Wycliffe lisingepata nafasi, kwa kuwa ni jina la mtu aliyehukumiwa na Mtaguso wa Kanisa hilo hilo. Kwa asili yake hapa, basi, ni jina la Kiprotestanti, ingawa leo mipaka hiyo imelegea na jina haliwezi kutumiwa kubashiri dhehebu la mwenyewe.

Kuna jambo jingine linaloyapambanua majina haya. Majina ya Biblia yaliwafikia Waluhya kupitia tafsiri. Emory Rees, akishirikiana na Joel Litu, alifanya kazi kubwa ya kuyatia Maandiko katika Luragoli, na Biblia nzima katika lugha hiyo ilitoka mwaka 1951. Katika njia hiyo, Yohana na Petro walivalishwa sauti za wenyeji kabla ya kuitwa na mtu. Wycliffe hayumo katika Biblia. Hakuweza kupita katika mlango wa tafsiri. Alipitia mlango wa historia ya Kanisa na kitabu cha shule, yaani mlango wa Kiingereza, na ndiyo maana ameingia na tahajia yake nzima: y isiyosomwa kama y, f mbili na e iliyo bubu. Hiki ndicho kinaya kilichomo ndani ya jina. Mtu aliyetaka mkulima alisikie Neno katika lugha ya nyumbani anakumbukwa Butali kwa jina ambalo halikutafsiriwa.

Hata hivyo, ulimi umefanya kazi ambayo kalamu haikuifanya. Kiingereza hulitamka jina kwa silabi mbili. Ulimi uliozoea silabi wazi huelekea kutenganisha konsonanti kwa irabu na kumalizia kwa irabu, hata jina likawa na silabi nne: Wi-ki-li-fu. Kalamu ikiachwa huru nayo hutofautiana, na tahajia kama Wycliff, Wyclife na Wickliffe zote hukutwa. Mwanariadha Mkenya aliyeshinda mbio za mita 800 katika Michezo ya Jumuiya ya Madola mwaka 2018 na 2022 huandikwa Wyclife Kinyamal. Msahihishaji ataona kosa. Mwanahistoria atakumbuka kwamba makarani wa Enzi za Kati nao waliliandika jina la John Wycliffe kwa namna nyingi.

4.0 Kazi Mpya ya Jina

Mfumo wa majina wa Waluhya una misingi miwili mikuu. Wa kwanza ni wakati au tukio la kuzaliwa. Wafula na Nafula ni wa majira ya mvua, Wekesa na Nekesa wa mavuno, Wanjala na Nanjala wa njaa. Viambishi wa- na na- hutenganisha wa kiume na wa kike, na mzizi hubaki mmoja. Msingi wa pili ni marehemu. Mtoto hupewa jina la aliyetangulia, na kumpa jina ni kumrudisha mhusika katika mazungumzo ya kila siku ya nyumba. Haitwi mtu ambaye hakuna anayetaka arudi.

Wycliffe halina nafasi katika msingi wa kwanza. Halielezi majira, na wala haliwezi kugeuzwa kwa kiambishi likamfaa binti. Limebaki jina la wavulana. Katika msingi wa pili, kwa upande mwingine, linaingia bila kulazimishwa. Mzazi Mprotestanti aliyemchagua Wycliffe hakuchagua neno la Kiingereza kwa ajili ya mlio wake pekee. Alimchagua marehemu mwenye sifa: msomi, mpinzani wa wakubwa, mtu wa kitabu. Alifanya kwa mzee wa kanisa alichokuwa akifanya babu yake kwa mzee wa ukoo. Wilberforce, Livingstone na Washington, ambayo nayo ni majina ya koo yaliyogeuka majina ya kwanza katika Afrika ya Mashariki, yanasomeka kwa njia hiyo hiyo. Upokezi huu hauishii Uluhya: Uganda ilikuwa na Wycliffe Kiyingi, mmoja wa waasisi wa tamthilia ya kisasa ya nchi hiyo, na Haiti ikamzaa mwanamuziki Wyclef Jean, mtoto wa mchungaji.

Pingamizi hapa ni zito na halifai kuepukwa. Ngũgĩ wa Thiong'o, aliyefariki mwaka 2025, aliliacha jina la James akihoji kwamba jina la kigeni ni alama ya kumilikiwa. Katika nchi ya majirani wa Wakabarasi, Elijah Masinde, aliyelelewa katika kanisa la Marafiki, aliongoza Dini ya Msambwa kuwarudisha watu kwa mizimu ya wahenga, na serikali ya kikoloni ikaipiga marufuku mwaka 1948. Hakuna anayeweza kudai kwamba shule ya misheni iliwapa wazazi uchaguzi ulio huru kabisa. Lakini Masinde mwenyewe anakumbukwa kwa majina yote mawili, na Elijah ni nabii aliyewapinga wafalme. Jina la kigeni katika kinywa cha mpinzani halikuwa tena mali ya aliyelileta. Hoja ya Ngũgĩ inaueleza vizuri wakati wa kutolewa kwa jina. Haiuelezi vya kutosha wakati wa kurithiwa kwake. Kijana wa Butali anayeitwa Wycliffe leo kwa sababu babu yake mzaa baba aliitwa hivyo, anaitwa babu yake. Mto Tees haumo tena katika jina hilo.

5.0 Wingi Wake Leo na Tatizo la Kuhesabu

Wanaochunguza majina ya koo za Kiingereza huhesabu jina la mwisho. Kwa kipimo hicho Wycliffe ni jina adimu, na mhesabuji anaweza kuliweka miongoni mwa yanayofifia. Kipimo hicho hakimwoni Wycliffe Musalia Mudavadi, aliyezaliwa mwaka 1960, wala Wycliffe Oparanya, gavana wa kwanza wa Kaunti ya Kakamega kuanzia 2013 hadi 2022. Hao ni wawili tu wanaojulikana kitaifa. Nyuma yao wamo wengi katika orodha za wapiga kura, za mitihani na za wakulima wa miwa. Jina halikufa. Lilihama kutoka mwisho wa safu hadi mwanzo wake, na mhesabuji anayetazama mwisho halikuti.

Tena halijamaliza kuhama. Nchini Kenya si ajabu jina la kwanza la baba kuandikwa kuwa jina la mwisho la mtoto. Kwa njia hiyo Wycliffe hurudi mahali lilipoanzia, mwisho wa safu, likiwa jina la nyumba ya Kiluhya. Atakayehesabu siku zijazo atakuta majina ya mwisho ya Wycliffe yanayofanana kwa herufi na yasiyofanana kwa asili: moja la ukoo wa Tees, jingine la mwana wa Wycliffe wa Malava. Akiyajumlisha bila kuuliza nani alimwita nani, atakuwa amehesabu herufi, si jina.

6.0 Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba Wycliffe limekuwa na maisha matatu: jina la genge la mto, jina la wenye ardhi, na jina la mfasiri. Butali imeongeza la nne, jina la babu. Katika kila hatua wapokezi ndio walioamua maana, na mtunzi wa kwanza hakuwepo kuwasahihisha. Uhakiki wa fasihi una zana za kuufuatilia upokezi wa namna hii, na ungefaa kuzitumia nje ya riwaya pia. Majivu ya John Wycliffe yalitupwa mtoni ili asibaki na kaburi la kukumbukiwa. Katika jamii inayowakumbuka wafu kwa kuwapa watoto majina yao, kaburi halikuhitajika.