Panya wa Ufaransa, unga wa Kenya

Machi 2025 Mahakama ya Rufaa ya Kenya ilitoa amri ya kuzuia vyakula vilivyobadilishwa jeni (GMO) visiingizwe nchini hadi rufaa ya Kenya Peasants League isikilizwe. Kwa amri hiyo, mjadala ulirudi mahali ulipokuwa mwaka 2012, marufuku ilipowekwa. Marais watatu wameushughulikia, majaji wameandika kurasa kwa kurasa, na mkulima bado anangoja kuambiwa kama mbegu zilizobadilishwa jeni ni halali yake au haramu.

Ukisoma hukumu na magazeti ya miaka hiyo, linalojitokeza ni moja: Kenya imekataa GMO kwa hofu iliyotoka ng’ambo na kuzikubali kwa njaa iliyotoka nyumbani. Yaliyoonekana kwenye mashamba yake yenyewe hayajapata nafasi kubwa katika uamuzi wowote.

Elimu yenyewe si ngeni. Mwaka 1973 wanasayansi wa Marekani walifaulu kuhamisha jeni kutoka kiumbe kimoja hadi kingine. Mwaka 1982 insulini iliyotengenezwa na bakteria waliobadilishwa jeni iliidhinishwa Marekani, na hadi leo wagonjwa wa kisukari wanaishi kwa dawa za namna hiyo. Sindano haikuzua ugomvi mkubwa. Ugomvi ulianza teknolojia ilipoingia kwenye sahani.

Kwa Kenya ilianza na kiazi kitamu. Mwaka 1991 Florence Wambugu, mtafiti wa Taasisi ya Utafiti wa Kilimo (KARI), alikwenda kwenye maabara za kampuni ya Monsanto mjini St. Louis, Marekani, kwa ufadhili wa Wamarekani. Lengo lilikuwa kupata kiazi kitakachostahimili virusi vinavyodhoofisha zao hilo la akina mama wa vijijini. Mwaka 2000 Rais Moi alimwandikia Rais Clinton barua ya kuunga mkono bioteknolojia. Miaka miwili baadaye jarida la Forbes lilimtaja Wambugu miongoni mwa watu watakaobadili mustakabali wa dunia.

Januari 2004 gazeti la Daily Nation likachapisha matokeo ya KARI yenyewe. Katika majaribio ya shambani, viazi vilivyobadilishwa havikuvishinda virusi, na viazi vya kawaida vilivyopandwa kando yake kwa kulinganisha vilizaa zaidi. Lilikuwa jaribio la udongo wetu, lililofanywa na watafiti wetu, na jibu lake lilitolewa bila kufichwa. Nchi inayojali utafiti ingelifanya jibu hilo msingi wa kila hatua iliyofuata. Badala yake waliotangaza ahadi walinyamaza, na waliopinga walilitumia kwa msimu mmoja kisha wakalisahau.

Sheria ya Usalama wa Bayolojia ilipitishwa mwaka 2009 na kuunda mamlaka ya kusimamia teknolojia hiyo. Kenya sasa ilikuwa na chombo chake cha kupima hatari. Ndipo wakaja panya.

Septemba 2012 Gilles-Éric Séralini, mwanabiolojia wa Chuo Kikuu cha Caen nchini Ufaransa, alichapisha utafiti katika jarida la Food and Chemical Toxicology. Panya 200 walilishwa kwa miaka miwili. Baadhi walipewa mahindi ya Monsanto aina ya NK603, wengine maji yenye dawa ya magugu ya Roundup, wengine vyote viwili, na wachache chakula cha kawaida. Séralini alisema waliokula mahindi hayo au kunywa dawa hiyo walipata uvimbe mwingi zaidi na kufa mapema. Picha za panya wenye uvimbe mkubwa kuliko vichwa vyao zilienea duniani kote.

Wanasayansi wengi walikuja juu. Walisema panya wa aina ile, Sprague-Dawley, hupata uvimbe kwa wingi wakizeeka hata wakila chakula cha kawaida. Kila kundi lilikuwa na panya kumi tu, idadi ndogo mno kwa hitimisho zito kama lile. Waandishi wa habari nao waliruhusiwa kuusoma utafiti mapema kwa sharti la kutowaonyesha wataalamu wengine kabla haujatoka. Kitabu na filamu za kuuunga mkono zilizinduliwa siku chache baadaye. Mamlaka ya Ulaya ya Usalama wa Chakula iliukataa.

Nairobi haikusubiri. Novemba 2012 Baraza la Mawaziri chini ya Rais Kibaki lilipiga marufuku uingizaji wa vyakula vya GMO, na Waziri wa Afya ya Umma Beth Mugo akatangaza kwamba usalama wake haujathibitishwa. Mugo mwenyewe alikuwa amewaeleza Wakenya hadharani kuwa ameugua saratani, na katika nchi ambako kila familia ina mgonjwa wake, picha zile za panya hazikuhitaji mkalimani. Watafiti wa Kenya walilalamika kwamba uamuzi umeipita pembeni mamlaka iliyoundwa kwa kazi hiyohiyo.

Mwaka mmoja baadaye jarida liliuondoa utafiti ule. Mhariri alisema hakuona udanganyifu, ila matokeo hayakutosha kuthibitisha lolote. Séralini aliuchapisha tena mwaka 2014 katika jarida jingine. Marufuku ya Kenya ilibaki palepale kwa karibu miaka tisa zaidi, huku sababu yake kuu ikiwa imekwisha kuanguka.

Majirani walipita njia zao. Tanzania ilipanda mahindi ya majaribio ya kustahimili ukame huko Makutupora, Dodoma, mwaka 2016, kisha mwaka 2018 Wizara ya Kilimo ikaamuru majaribio yasimame na mabaki yateketezwe. Uganda ilipitisha muswada bungeni, na Rais Museveni akaurudisha zaidi ya mara moja.

Oktoba 3, 2022, katikati ya ukame mkali, serikali mpya ya William Ruto iliondoa marufuku. Mwezi uliofuata Waziri wa Biashara Moses Kuria aliwaambia Wakenya kwamba nchini humu kuna mambo mengi ya kumuua mtu, na si kosa kuongeza GMO kwenye orodha hiyo. Watu walikasirika, na walikuwa na haki ya kukasirika. Sera ya chakula haiuzwi kwa mzaha wa kifo.

Kesi zikafuata. Oktoba 2023 Jaji Oscar Angote wa Mahakama ya Mazingira na Ardhi alitupilia mbali ombi la Chama cha Mawakili. Alisema nchi inapaswa kuziamini taasisi ilizoziunda na kuziwajibisha zinapovunja sheria. Novemba 2024 Mahakama Kuu ilitupa kesi nyingine, kisha Mahakama ya Rufaa ikasimamisha yote.

Wanaopinga wana hoja nzito kuliko ile ya panya. Nani atamiliki mbegu? Kampuni zilitoa jeni za mahindi ya kustahimili ukame bila malipo ya hataza kupitia shirika la AATF la Nairobi, lakini mbegu chotara hununuliwa upya kila msimu. Mkulima aliyezoea kuhifadhi mbegu zake atakuwa mteja wa kudumu. Wanaounga mkono nao wana hoja: mahindi yanayojikinga na viwavi humwokolea mkulima gharama ya dawa, na muhogo unaostahimili michirizi ya kahawia ungeokoa zao ambalo ugonjwa huo huozesha mizizi yake kabla ya kuvunwa.

Hoja za mahindi zinaweza kupimwa Kitale na Kiboko, ambako mahindi hayo yamejaribiwa. Matokeo yachapishwe yote, yaliyofaulu na yaliyoshindwa, kwa Kiswahili, na yafike kwenye mikutano ya wakulima kabla majaji hawajaketi tena. KARI ilionyesha mwaka 2004 kwamba inawezekana, hata jibu likiwa la kuwaumbua wafadhili.