Hoja Zilezile za Kubaki, Majibu Matatu ya Kuondoka

Serikali inapoikalia nchi ya watu kwa jeshi, na raia wake wenyewe wakawa wamechoka, hoja zake za kuomba muda zaidi hufanana. Husema kuondoka sasa ni kuipoteza bure damu iliyokwisha kumwagika; kwamba nchi ile ikiachwa itasambaratika; na kwamba adui asipozuiwa huko atatufuata nyumbani. Hoja hizi, kila moja kwa lahaja yake, zilisikika Moscow kuhusu Afghanistan, Jerusalem kuhusu Lebanon, na Washington kuhusu Iraq. Majibu ya wapinzani, kinyume chake, hayakufanana, kwa sababu kila jamii ina watu wake inaowapa haki ya kuikosoa dola wakati wa vita.

Katika Umoja wa Kisovyeti dola haikumpa yeyote haki hiyo, kwa hiyo aliyeitumia aliitumia peke yake. Majeshi yaliingia Afghanistan Desemba 1979, yakielezwa kuwa yanatimiza wajibu wa kimataifa. Mwanafizikia Andrei Sakharov alipinga waziwazi, na Januari 1980 akapelekwa uhamishoni Gorky, mji uliofungwa kwa wageni. Wakati huohuo maiti za askari zilirudi katika majeneza ya zinki na kuzikwa kimyakimya. Hapakuwa na uchaguzi wa kuamulia jambo hili wala gazeti huru la kulijadili. Uzito wa Sakharov ulitoka katika mapokeo ya msomi wa Kirusi anayekubali kuteseka ili ukweli usikose shahidi. Jeshi liliondoka tarehe 15 Februari 1989. Miezi michache baadaye Sakharov, aliyekwisha kuachiwa kutoka uhamishoni na akiwa sasa mbunge, alizomewa ukumbini alipoizungumzia vita ile. Lakini kabla mwaka haujaisha, bunge hilohilo likalaani uamuzi wa kuingia Afghanistan.

Moscow msemaji alikuwa msomi. Nchini Israel wasemaji walikuwa akina mama. Nchi hiyo ilivamia Lebanon mwaka 1982, na kuanzia 1985 ikashikilia ukanda wa kusini ulioitwa eneo la usalama. Februari 1997 helikopta mbili zilizokuwa zikipeleka askari huko ziligongana, wakafa 73. Ndipo wanawake wa kaskazini wenye watoto jeshini walipoanzisha harakati ya Mama Wanne, jina linalowakumbusha Wayahudi mama zao wa Maandiko: Sara, Rebeka, Raheli na Lea. Waliambiwa kwamba mambo ya kijeshi hayawahusu. Lakini uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi, na katika taifa ambalo jeshi huingia karibu kila nyumba, dai la mama halikuweza kwa urahisi kuitwa usaliti. Ehud Barak, jenerali mstaafu, aliahidi kuondoa majeshi, akashinda uchaguzi wa Mei 1999. Askari wa mwisho walitoka tarehe 24 Mei 2000.

Marekani ilikuwa na uhuru ambao Sakharov aliunyimwa, lakini haikuwa na uandikishaji wa lazima uliowapa akina mama wa Israel nguvu. Vita vya Iraq vilivyoanza 2003 vilipiganwa na askari wa kujitolea, na familia nyingi hazikuguswa. Kwa hiyo huko upinzani ulihitaji mtu aliyepigana. Mwezi Novemba 2005 John Murtha, mbunge wa Pennsylvania aliyepigana Vietnam na ambaye awali aliunga mkono vita, alitaka askari warudishwe. Mwaka uliofuata wapigakura walikipa chama cha upinzani cha Democrats udhibiti wa Bunge la Congress. Hata hivyo, Rais Bush aliongeza zaidi ya askari 20,000, na tarehe 1 Mei 2007 akautumia uwezo wake wa turufu kuukataa muswada uliopanga ratiba ya kuondoka.

Uadilifu unataka tuipime hoja ya machafuko bila upendeleo, maana haikuwa uongo mtupu. Serikali ya Najibullah, rais wa Afghanistan aliyeungwa mkono na Moscow, ilianguka Aprili 1992, na makundi ya mujahidina yakaligeuza jiji la Kabul kuwa uwanja wa vita. Israel na kundi la Hezbollah la Lebanon zilipigana tena 2006. Mosul, mji wa Iraq, ilitekwa na kundi la Dola la Kiislamu mwaka 2014. Lakini hoja hiyo husahau kwamba adui aliyetajwa kuwa sababu ya kubaki mara nyingi alikuzwa na kukaliwa kwenyewe. Hezbollah ilizaliwa katika upinzani dhidi ya uvamizi wa 1982. Tawi la al-Qaeda nchini Iraq, ambalo baadaye lilizaa Dola la Kiislamu, lilitangazwa 2004, baada ya mtawala wa nchi hiyo, Saddam, kuangushwa. Miaka zaidi ilikuwa na nafasi ya kuponya, ikazidisha maradhi.

Msomi, mama na askari mkongwe: kila mmoja alisema kwa heshima ya mapokeo yake, na hakuna anayestahili kudharauliwa kwa kutofanana na mwenzake. Hata hivyo, mijadala ya nyumbani iliyowazunguka ilielekea kuhesabu kwanza wafu wa nyumbani. Wasovyeti walipoteza askari wapatao 15,000. Lakini Waafghani zaidi ya milioni 5 walikuwa wakimbizi Pakistan na Iran. Nchini Iraq, hata hivyo, sauti ya wenye nchi iliingia rasmi katika uamuzi: Novemba 2008 bunge la Baghdad liliidhinisha mkataba uliowataka Wamarekani wote waondoke kabla ya mwisho wa 2011, na wakaondoka.

Basi serikali yoyote ikiomba mwaka mwingine katika nchi isiyo yake, mzigo wa kuthibitisha ni wake, si wa wanaoipinga. Iulizwe mwaka huo utafanya nini ambacho uliopita haukufanya. Iulizwe pia wenye nchi wamesemaje. Ikikosa majibu, na iondoke.