Mechi 95, Kupoteza Sifuri

Ukitaja soka la wanawake la Marekani, wengi wetu tunamkumbuka Mia Hamm. Wengine wanaikumbuka ile picha ya Brandi Chastain amevua jezi na kupiga magoti, Kombe la Dunia 1999. Sawa. Ila leo naomba tumzungumzie beki, maana nadhani historia imempunja.

Anaitwa Carla Overbeck. Enzi za chuo alikuwa Carla Werden, binti aliyekulia Texas. Mwaka 1986 alijiunga na Chuo Kikuu cha North Carolina, chini ya kocha Anson Dorrance. Alicheza misimu minne, na timu ikabeba ubingwa wa vyuo mara zote nne. Katika misimu hiyo ilishinda mechi 89 na kutoka sare 6. Kupoteza? Sifuri. Mia Hamm alifika chuoni hapo mwaka 1989, Carla akiwa anamaliza.

Hayo hayakuja kwa bahati. Mwaka 1972 Marekani ilipitisha sheria ya kuzuia ubaguzi wa kijinsia katika elimu inayopata fedha za serikali kuu. Vyuo vikalazimika kuwafikiria wasichana hata kwenye michezo, na North Carolina ikaanzisha timu yake mwaka 1979. Kizazi cha akina Carla ndicho kilichovuna.

Baadaye akawa nahodha wa taifa, nahodha wa aina yake: walipofika hotelini aliwabebea wenzake mabegi hadi vyumbani. Ukishambebea mtu begi, kesho ukimfokea uwanjani atakusikiliza.

Sasa twende Julai 10, 1999, Rose Bowl, Pasadena, mji aliozaliwa. Watazamaji 90,185. Dakika 120 zinaisha Marekani 0, China 0. Wachina wanaanza penalti na kufunga. Nani anakwenda kujibu? Beki, nahodha Overbeck. Akafunga. Wa pili, Joy Fawcett, naye beki. Wa mwisho, Chastain, na yeye pia beki! Penalti tatu kati ya tano zilizowapa Wamarekani kombe zilipigwa na mabeki.

Hapo ndipo hoja yangu ilipo, ndugu msomaji. Chastain tunamkumbuka kwa sababu siku ile alifunga. Kazi ya beki ni kuhakikisha jambo halitokei, na jambo ambalo halikutokea haliandikwi kwenye ubao wa matokeo wala halipigwi picha. Ndiyo maana kila binti akianza mpira anataka namba 9. Nani atataka kuwa beki ikiwa sisi waandishi tunamtaja siku anapojifunga tu?

Overbeck alistaafu kuichezea timu ya taifa mwaka 2000. Mimi nikiulizwa soka la vyuo liliwahi kutoa nini, naanza na ile sifuri yake.

Je, wewe unamkumbuka beki gani wa kike? Mtaje.