Geji ya Reli, na Kwa Nini "Kisasa" Hakitoshi

Rwanda haina reli. Mzigo unaokuja Kigali kutoka bandari ya Dar es Salaam humalizia safari kwa lori, ukivuka mpaka Rusumo. Hata hivyo Kinyarwanda kina jina la treni: gariyamoshi, neno lililotoka kwenye Kiswahili likapata makazi huku kabla ya chombo chenyewe kufika. Mwaka 1914 Wajerumani walianza kazi ya reli ya kutoka Tabora kuelekea Rwanda, vita vikaikatiza. Mwaka 2018 Rais Kagame na Rais Magufuli walikubaliana kuhusu reli ya Isaka hadi Kigali, na Kigali bado inaisubiri. Mtoto wa hapa anayetaka kuona treni ikiingia katika mji wake ana njia moja iliyo karibu: aijenge mezani pamoja na mzazi wake.

Ndiyo kazi tunayoifanya mimi na binti yangu hapa Nyamirambo, juu ya ubao wa plaiwudi uliokatwa kwa mafundi wa Gisozi. Ubao umepakwa rangi ya udongo mwekundu, vilima vinafinyangwa kwa magazeti na gundi. Lakini kabla ya kulaza kipande cha kwanza cha njia, mjenzi hulazimika kujibu swali ambalo vitabu vyetu vya Kiswahili havijamwandalia vizuri: njia hii ni ya geji gani?

Geji ya reli ni nafasi iliyopo baina ya kingo za ndani za pau mbili za chuma ambazo treni hupita juu yake. Husemwa "za ndani" kwa sababu maalumu. Gurudumu la treni lina mdomo unaoning'inia upande wa ndani wa pau, na mdomo huo ndio unaolizuia behewa lisitoke njiani. Ukipima kutoka katikati ya pau hadi katikati ya nyingine, au kutoka ukingo wa nje, utapata namba isiyohusiana na magurudumu, na behewa lako halitakaa.

Neno lenyewe si geni. Fundi magari husema geji ya mafuta, akimaanisha saa inayoonyesha kiasi kilichobaki kwenye tangi. Muuza mabati husema bati la geji 28 au geji 30, akimaanisha unene, na kila mnunuzi anajua kwamba namba ikipanda bati linapungua. Geji ya reli ni maana ya tatu. Haionyeshi kiasi, haitaji unene, na namba yake ikipanda kitu chenyewe kinapanuka. Kwa sababu hiyo sioni busara kuandika "geji" peke yake katika kitabu cha mtoto. Iandikwe "geji ya reli" angalau mara ya kwanza, na ifuatwe na milimita zake.

Wako wanaopendelea "upana wa reli". Ni Kiswahili safi, nami ningekichagua kwa furaha kama "reli" isingekuwa na maana mbili. Kwetu reli ni njia nzima, kama tunaposema Reli ya Kati. Na reli ni ile pau moja ya chuma iliyofungwa juu ya mataruma. Mwanafunzi akiambiwa apime upana wa reli, ana haki kabisa ya kupima unene wa pau. "Nafasi baina ya pau" ni maelezo mazuri, lakini ni marefu mno kuwa jina. Basi liwe fasili, na jina libaki geji ya reli.

Tatizo kubwa zaidi liko kwenye jina ambalo sote tunalitumia. Reli mpya za Kenya na Tanzania zenye geji ya milimita 1435 huitwa "reli ya kisasa", au "reli ya kiwango cha kimataifa", au kwa herufi tu za Kiingereza, SGR (standard gauge railway). Geji imepotea katika majina mawili ya kwanza, na katika la tatu imejificha ndani ya herufi ambazo msikilizaji wa Kiswahili hana namna ya kuzifumbua. Binti yangu aliponiuliza, "Mama, kwa hiyo njia ikiwa pana ndiyo ya kisasa?" nililazimika kumweleza kwa miaka. Reli ya Liverpool na Manchester, iliyofunguliwa mwaka 1830, ilitumia takriban geji hii hii, na mwaka 1846 bunge la Uingereza likaitungia sheria. Reli ya Tanga, ambayo leo tunaiita ya zamani, ilianza kujengwa mwaka 1893 kwa geji ya milimita 1000. Ya Mombasa, iliyoanza mwaka 1896 na kufika ziwani Kisumu mwaka 1901, ni ya mita vilevile. Kwa geji, basi, ile tunayoiita ya kisasa imetangulia kwa zaidi ya nusu karne.

Usasa wa reli hizi upo, ila uko mahali pengine: kwenye miinuko midogo na kona pana zinazoruhusu mwendo mkubwa, na kwa Tanzania kwenye umeme unaovuta treni. Ile ya Kenya huvutwa na injini za dizeli. Geji ni moja, mitambo ni tofauti, na jina "kisasa" haliwezi kubeba yote mawili. Ningependa tuseme "reli ya geji sanifu", au kwa urahisi "reli ya 1435".

Afrika Mashariki ina sababu ya kuzijua namba hizi. TAZARA, iliyojengwa kati ya 1970 na 1975, ina geji ya 1067, sawa na reli za Zambia inakoelekea. Reli ya Kati ni 1000. Milimita 67 hazifiki upana wa kiganja, lakini kule Kidatu, zinapokutana njia hizi mbili, mzigo hulazimika kuhamishwa kutoka behewa hadi behewa. Ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, Kalemie, reli ya Kongo nayo ni 1067. Unapomweleza mtoto geji kwa kisa cha Kidatu, haisahau.

Mezani huja istilahi ya pili, nayo mara nyingi huchanganywa na ya kwanza kwa sababu neno "kipimo" limebebeshwa zote mbili. Skeli ni uwiano wa kitu kidogo na kikubwa. Mtoto ameshaikuta kwenye somo la ramani. Geji ni urefu, una milimita zake. Skeli haina milimita wala mita. Skeli iliyoenea zaidi duniani kwa reli za mezani, inayoandikwa HO, ni 1:87. Gawanya 1435 kwa 87 upate 16.5, na ndiyo sababu njia za HO zinazouzwa madukani zina geji ya milimita 16.5. Mtu wa sentimita 170 anakuwa na urefu wa karibu sentimita 2. Reli ya Dar es Salaam hadi Kigoma, yenye kilomita 1,250 hivi, ingehitaji meza ya zaidi ya kilomita 14, kwa hiyo kila mjenzi wa nyumbani huchagua stesheni chache na kuacha pori lote la katikati.

Waingereza wenyewe wametuachia mfano mzuri wa tofauti ya skeli na geji. Skeli yao maarufu, OO, ni 1:76, lakini hutembea juu ya njia ileile ya milimita 16.5. Zidisha 16.5 kwa 76 na utaona njia hiyo inawakilisha milimita 1254, pungufu ya reli halisi ya Uingereza. Mabehewa ni ya skeli moja, njia ni ya nyingine, na macho yaliyozoea hugundua kwamba treni imesimama juu ya miguu myembamba.

Sisi tulitaka treni ya Kigoma, maana ndiyo iliyowaleta baadhi ya wazee wa mtaa huu walau nusu ya safari. Hiyo ni mita, kwa hiyo njia ya 16.5 ingekuwa kosa. Elfu moja ukigawanya kwa 87 unapata 11.5, na wajenzi hutumia njia ya milimita 12, ambayo hutengenezwa hasa kwa ajili ya reli za milimani za Uswisi zenye geji ya mita. Inafaa pia kwa Rwanda kwa sababu nyingine: njia nyembamba hukubali kona kali, na vilima vyetu vya magazeti havina nafasi ya kona pana. Mwinuko tumeuweka sentimita 2 kwa kila mita, na hapo kichwa cha treni chenye mabehewa matatu hupanda bila kuteleza.

Isaka imetupa kazi ngumu kuliko zote. Stesheni hiyo iko kwenye reli ya mita inayotoka Tabora kwenda Mwanza, lakini njia iliyopangwa kuja Kigali ni ya 1435. Kwa hiyo kwenye ubao wetu Isaka ina jukwaa moja na njia pande zake mbili, ya milimita 12 na ya milimita 16.5, na kreni ndogo ya kuhamishia kontena katikati. Kibao cha stesheni ameandika binti yangu kwa mkono wake: "Isaka. Skeli 1:87. Geji ya reli: kushoto 12, kulia 16.5."