Mtoto Aliyeshushwa Mgongoni

Ninyi mlio darasani, na ninyi mnaosikiliza nyumbani huku mnachagua mchele, karibuni katika somo letu la historia. Mwalimu wa darasa, tafadhali chukua chaki, uandike neno hili ubaoni kwa herufi kubwa: KWASHAKOO. Wanafunzi, lisomeni silabi moja moja: kwa, sha, ko, o. Vizuri sana.

Labda mwajiuliza, neno la ugonjwa lina historia gani? Tumezoea historia ya masultani, ya vita na ya majahazi. Lakini hata chakula cha mtoto kina historia yake, na historia ya leo haijatimia miaka mia tangu ilipoanza kuandikwa. Habari zake ni za mtoto wa mwaka mmoja hadi minne, yule aliyekwisha kushika njia na kutembea, ambaye mama yake amepata mwingine.

Neno hili asili yake si Kiswahili, wala si Kiingereza, ingawa madaktari wa dunia nzima hulitumia. Ni neno la Waga, watu wa pwani ya Ghana, walio katika mji wa Accra. Zamani nchi ile iliitwa Gold Coast, ikatawaliwa na Waingereza mpaka mwaka wa 1957. Mwaka wa 1929 alifika huko daktari mwanamke, Bibi Cicely Williams, mzaliwa wa Jamaica aliyesomea udaktari Oxford. Kazi yake ilikuwa kutibu watoto.

Basi waliletwa kwake watoto waliovimba miguu, mikono na nyuso. Mtu asiyejua angesema wamenenepa. Kumbe ni maji. Ukibonyeza mguu wa mtoto kama huyo kwa kidole, shimo hubaki. Nywele zilikuwa zimepauka na kuwa nyekundu, tena zilitoka zikivutwa kidogo tu. Ngozi ilifanya mabaka meusi, kisha ikababuka kama iliyomwagiwa maji ya moto. Na tabia yake ilikuwa imebadilika. Hakucheza, hakucheka, hakutaka kula wala kuguswa. Alikaa pale alipowekwa, akilia kwa sauti ndogo. Wengi walikufa.

Sasa angalieni alilofanya Bibi huyu. Aliuliza watu wa pale, "Ninyi ugonjwa huu mwauitaje?" Wakamwambia jina, wakamweleza na maana yake: ni ugonjwa ampatao mtoto mkubwa mdogo wake anapokuja.

Ndugu zangu, litazameni jina hilo vizuri. Halisemi neno juu ya kuvimba. Halisemi nywele wala ngozi. Lataja jambo lililotokea nyumbani: yuko mtoto aliyekuwa kifuani na mgongoni kwa mama yake, akashushwa ili mwingine apandishwe. Wanawake wa Accra walikuwa wamekwisha kuuona mwanzo wa ugonjwa, nao hawakuwa na darubini wala maabara.

Daktari akaendelea kuuliza: mtoto huyo akishushwa, hula nini? Akakuta kwamba hula uji wa mahindi, na karibu hana kingine. Hapo akaunganisha mambo mawili. Maziwa ya mama yalikuwa yakimpa mtoto vyakula vya kujenga mwili, ambavyo wataalamu huviita protini, pamoja na mafuta na mengine mengi. Siku alipoachishwa ziwa, au kama wasemavyo watu wa pwani, alipolikizwa, vyote vile vilikatika kwa siku moja, na mahali pake akapewa uji mwepesi. Uji hujaza tumbo. Lakini tumbo la mtoto wa umri ule ni dogo; kikombe kimoja cha chai hulijaza, na sehemu kubwa ya kikombe hicho ni maji. Na huu ni wakati ambao mwili wake una kazi nyingi sana. Mpaka atimize miaka miwili, ubongo wake hufikia karibu robo tatu ya ukubwa wa ubongo wa mtu mzima. Ndio wakati wa kujifunza kusimama, kusema na kushika kijiko. Nyumba inajengwa, na fundi ameletewa maji bila saruji.

Mwaka wa 1933 Bibi Williams aliandika habari hizi katika jarida la madaktari, na mwaka wa 1935 akaandika tena, safari hii akilitumia jina la Kiga lenyewe. Je, alipokewa kwa shangwe? Hata kidogo. Bwana Hugh Stannus, daktari aliyepata kufanya kazi Nyasaland, nchi tuiitayo sasa Malawi, alisema huu si ugonjwa mpya, bali ni pelagra, ugonjwa mwingine wa watu walao mahindi. Stannus alikuwa mtu wa sifa, na neno lake lilisikilizwa. Mwaka wa 1936 Bibi Williams akahamishiwa Malaya. Baadaye, mwaka wa 1948, Shirika la Afya la Dunia lilimfanya mkuu wake wa kwanza wa afya ya mama na mtoto, lakini miaka mingi ilikuwa imekwisha kupotea.

Na kwetu Afrika ya Mashariki je? Daktari Hugh Trowell alifika Kenya mwaka huo huo wa 1929, na mwaka wa 1935 akaenda Uganda, katika Hospitali ya Mulago, Kampala. Aliwaona watoto wale wale wenye nywele nyekundu na miguu ya kuvimba. Wengine walisema ni minyoo. Trowell mwenyewe alishika kwa miaka kadhaa kwamba ni pelagra ya watoto, akawapa dawa ya pelagra, wala hawakupona. Namsifu kwa kuwa hatimaye aliliacha wazo lake na kukiri. Mwaka wa 1954 yeye na wenzake wawili walitoa kitabu kizima juu ya kwashakoo.

Hapa nataka tusimame kidogo. Waganda nao walikuwa na jina lao, obwosi. Walisema kwamba mtoto aliye tumboni humdhuru yule anayenyonya. Na sisi Waswahili tuna neno kubemenda: tunasema mtoto amedhoofika kwa sababu wazazi wake walikutana kabla hajaacha ziwa. Tazameni basi: Accra, Kampala na pwani yetu, lugha tatu zilizo mbalimbali, na zote zaona kwamba mtoto huyu huharibikiwa kunapokuwa na mwingine njiani. Mila ile ya wazazi kujizuia ilikuwa na faida yake, maana ilimpa mtoto miaka miwili au zaidi ya kunyonya bila mshindani.

Lakini ilikuwa na hasara, tena hasara kubwa. Jina la Kiga lamtaja mtoto tu. Neno letu lamtaja mkosaji, na mara nyingi anayenyoshewa kidole ni mama. Katika darasa moja nililolitembelea, mama mmoja alikuwa akija na mtoto amefunikwa khanga gubigubi, hata wakati wa joto. Nilidhani ni mchanga. Kumbe alikuwa na miaka miwili na nusu, na miguu imevimba. Nilipomwuliza mbona hajampeleka hospitali, aliinama akasema, "Wataniambia nimembemenda." Alikuwa radhi akae na ugonjwa ule ndani ya khanga kuliko kusemwa na majirani. Tulikwenda naye siku ile ile. Basi ukimwona mtoto wa namna hiyo, maneno yako ya kwanza kwa mama yake yafikirie, kwa sababu yaweza kumpeleka kwa daktari au kumfungia ndani.

Turudi Mulago. Madaktari walijifunza kumponya mtoto kwa maziwa, kidogo kidogo na mara nyingi. Walijifunza pia kutazama uso wake: mtoto akianza kutabasamu, wao hujua amekwisha kuvuka. Lakini palitokea tatizo. Mtoto alipona, akarudi nyumbani, akakuta chakula kile kile kilichomfanya augue. Baada ya miezi akaletwa tena, au asiletwe kabisa.

Kwa hiyo mwaka wa 1965 ilianzishwa pale Mulago sehemu iitwayo Mwanamugimu, maana yake mtoto mwenye siha. Jina hilo limetoka katika methali ya Waganda isemayo kwamba mtoto mwenye siha hutoka katika mbeleko, yaani malezi ya mama ndiyo yamfanyayo. Pale mama hakuachwa nje ya mlango kungoja habari. Aliingia na mtoto wake, akapika mwenyewe, akaona kwa macho yake uvimbe ukishuka na mtoto akirudi kucheza.

Chakula walichofundisha waliita kitobero, maana yake mchanganyiko. Huchukuliwa ndizi au viazi, yaani chakula cha kila siku. Huongezwa maharagwe yaliyopondwa au karanga zilizotwangwa, na kikipatikana, kitu cha mnyama kama samaki mkavu aliyesagwa, yai au maziwa, pamoja na majani ya mboga. Vyote hufungwa katika jani la mgomba na kuwekwa juu ya ndizi za jamaa nzima, ndani ya chungu kile kile, vikaiva kwa mvuke. Hakuna kuni za ziada wala sufuria ya pili. Mtoto hupata fungu lake, na kila mtu nyumbani ajua kwamba hilo ni la mtoto. Jambo hili la mwisho ni kubwa kuliko lionekanavyo. Kwenye sinia moja, mwenye mkono mwepesi ndiye ashibaye. Mtoto wa miaka miwili hula polepole, tonge moja hulichezea, la pili humpa paka, na akiinua kichwa, kaka zake wamekwisha kufuta sinia. Baba akiuliza, huambiwa, "Amekula na wenzake."

Sasa ni haki niwaambie kwamba wataalamu nao walikosea. Kwa miaka mingi walisema ni upungufu wa protini basi, wakasambaza unga wa maziwa huku na huku. Mwaka wa 1974 Daktari Donald McLaren aliandika kwa ukali kwamba fikira hiyo ilikuwa kosa kubwa. Mtoto hukosa chakula chote cha kutosha, si fungu moja tu, na huku kuhara na surua humla. Mwaka wa 2013 ilitangazwa habari ya utafiti wa mapacha wa Malawi. Nyumba moja, mama mmoja, chungu kimoja, lakini pacha mmoja alipata kwashakoo na mwenzake hakupata. Watafiti waliona kwamba hata vijidudu vikaavyo matumboni mwa watoto vina sehemu katika jambo hili. Yule mama wa khanga angefaa kuisikia habari hii.

Siku hizi hospitali nyingi hutumia chakula cha paketi, cha karanga, unga wa maziwa, sukari na mafuta, kilichobuniwa mwaka wa 1996. Mtoto hukila nyumbani bila kupikiwa. Shirika la Afya la Dunia lashauri mtoto anyonye tu kwa miezi sita, kisha aongezewe vyakula vingine huku akiendelea kunyonya mpaka miaka miwili au zaidi.

Muda wetu unakwisha. Mwalimu, funga redio somo likimalizika, na waulize wanafunzi: kwa lugha ya kwenu, mtoto aliyeachishwa ziwa kwa sababu ya mdogo wake huitwaje, na jina hilo lamlaumu nani? Nyumbani mwenu, mtoto wa miaka miwili hula katika chombo cha nani? Kila mwanafunzi aandike sentensi tatu katika daftari, na asiyeweza bado kuandika amsimulie mwenzake amwandikie. Juma lijalo tutasoma habari za kisima na maji ya kunywa. Kwaherini.