Watu Watano na Wimbo wa Kubembeleza Mtoto

Tulipoombwa kuandika historia kwa ajili ya kijitabu hiki cha jubilii, tuliketi jioni tatu tukakosa pa kuanzia. Kila tulipoigusa miaka ya katikati tulijikuta tumefika kwenye kayamba.

Washirika wa siku nyingi wanajua. Kwa wageni wetu tuseme tu kwamba kuna wakati kwaya hii ilikaribia kuvunjika kwa sababu ya kayamba moja na ngoma mbili. Upande mmoja ulisema kwaya ya kanisa ni sauti nne, sol-fa ubaoni, na Handel wakati wa Krismasi. Upande wa pili ulisema hizo ni nguo za kuazima. Wenzetu kadhaa waliondoka. Wengine wao wamelala sasa, na hatukuwahi kuketi nao tukayamaliza.

Tukiangalia nyuma tunaona pande zote mbili zilishika kosa moja. Tulidhani mtu wa noti na mtu wa ngoma ni watu wawili, na kwamba ukimkaribisha mmoja lazima umfukuze mwenzake. Historia ya muziki wa kwaya katika nchi hii haisemi hivyo.

Chukua wimbo ambao sote tunauimba, hata wale ambao mwalimu wa kwaya huwaomba wasimame nyuma. Mwaka 1963, uhuru ukikaribia, watu watano walipewa kazi ya kutayarisha Wimbo wa Taifa: Graham Hyslop, George Senoga-Zake, Thomas Kalume, Peter Kibukosya na Washington Omondi. Hawa walikuwa watu waliojua noti. Wangetaka, wangeandika gwaride la mtindo wa Kizungu kwa tarumbeta na ngoma kubwa, na pengine hakuna ambaye angelalamika. Badala yake walikwenda kwa Wapokomo wa Mto Tana, wakachukua wimbo ambao mama humbembelezea mtoto. Aliyewapa ni Mzee Meza Galana.

Hebu tufikirie kazi waliyokuwa nayo. Wimbo wa kubembeleza hauna alto wala base. Una mtu mmoja, giza, na mtoto asiyetaka kulala. Kutoka hapo ilibidi wapate wimbo ambao bendi ya shaba itaupiga uwanjani na mtoto wa darasa la kwanza ataushika bila kufundishwa mara mbili. Waliuacha ukae katika minor, ndiyo maana hata ukipigwa kwa nguvu zote bado una upole fulani, kama maombi zaidi ya majigambo. Kisha wakaja kwenye maneno. Sisi tunaoimba nyimbo zilizotafsiriwa tunaijua taabu hii: tuni ya Ulaya inakazia silabi ambayo Kiswahili hakikazii, na unajikuta unaimba "mu-NGU" na "ba-BA" kama mgeni aliyeshuka melini jana. Katika Wimbo wa Taifa maneno na tuni vinatembea pamoja. Usiku wa kuamkia 12 Desemba 1963 uliimbwa bendera ikipanda, na wengi waliousikia hawakujua kwamba ulikuwa umeanzia kando ya kitanda cha mtoto.

Sasa waangalie waliofanya kazi hiyo. Hyslop, Mwingereza, ndiye aliyeandika michezo ya kuigiza ya Kiswahili, Afadhali Mchawi na Mgeni Karibu, na baadaye kitabu kuhusu ala za muziki za Kenya. Senoga-Zake alizaliwa Uganda, akafundisha hapa miaka mingi, na mwaka 1986 akatoa kitabu juu ya muziki wa jadi wa makabila ya Kenya ambacho walimu wa muziki wanakitumia hadi leo. Kalume alikuwa mchungaji. Omondi tunamtaja kwa kirefu kidogo, maana yeye angeweza kutumaliza ubishi wetu peke yake. Alisoma hadi udaktari katika Chuo Kikuu cha London, na alichokwenda kukiandikia huko ni thum, yaani nyatiti ya Wajaluo. Ala ambayo baadhi yetu tulisema haifai kuingia kanisani, mwenzetu aliipeleka chuo kikuu na kuichambua kwa makini yaleyale ambayo wengine huyatumia kwa Bach. Baadaye aliongoza tume ya rais ya muziki iliyotoa ripoti mwaka 1984.

Hawakuwa peke yao. Arthur Kemoli alikuwa mhadhiri wa fasihi katika Chuo Kikuu cha Nairobi, na huku akitunga na kupanga nyimbo za kwaya, zikiwemo za kijijini. Nani angemwambia achague?

Lakini kwetu, kilichotunyamazisha hakikuwa kitabu. Ilikuwa kaseti.

Mwaka 1990 Muungano National Choir, ikiongozwa na Boniface Mganga, ilirekodi Missa Luba. Misa hiyo ilitoka Kamina, Katanga, huko Kongo, ambako iliimbwa kwa mara ya kwanza mwaka 1958. Padre Guido Haazen, Mfransisko kutoka Ubelgiji, aliitengeneza pamoja na kwaya yake ya wavulana na walimu. Maneno ni Kilatini kilekile cha misa, lakini muziki ni wa nyumbani: kuna mtindo wa kasala, kuna wimbo wa kuagana, kuna mdundo wa dansi ya Kasai. Sehemu kubwa haikuandikwa kwanza. Waliimba, wakabadilisha, wakaimba tena, na noti zikaja nyuma.

Kaseti ilipotufikia, baadhi yetu tuliuliza misa ya Kilatini inatuhusu nini. Mwalimu hakujibu, aliiweka tu kwenye redio. Sauti nne zilikuwepo, safi, hakuna aliyepiga kelele, tena na base wamekaa mahali pao. Na chini yake ngoma. Kisha, katika rekodi ileile, waimbaji walewale wakaingia kwenye nyimbo za jadi za Kenya. Wale wa upande wa Handel walisikia nidhamu waliyoitaka, na wale wa kayamba wakasikia kayamba yao. Mazoezi ya siku hiyo hayakufanyika. Tuliirudisha kaseti mwanzo mara nne.

Hatukupatana jioni hiyohiyo, tusidanganyane. Ilichukua karibu miaka miwili kabla kayamba haijaingia ibadani, na mara ya kwanza ilipigwa vibaya.

Kuna jambo moja katika habari hizi linatusumbua bado. Kwenye Missa Luba jina linalochapishwa ni la Padre Haazen, ingawa mengi yalizaliwa vinywani mwa waimbaji. Kwenye Wimbo wa Taifa tunajua majina ya watano, na jina la Mzee Galana tunalitaja. Akina mama wa Tana waliouimba kabla yake, hatuna hata mmoja wa kumtaja.

Na sisi tumefanya vivyo hivyo. Ukifungua ukurasa wa ratiba, utaona wimbo wa saba unao jina la aliyeupanga kwa sauti nne, ambaye ni wa kwaya hii. Mahali pa mtungaji pameandikwa "wa jadi". Lakini wimbo ule tuliletewa na mama mmoja aliyeimba alto miaka ya mwanzo, naye aliufundishwa na bibi yake. Yeye ni mmoja wa wale walioondoka wakati wa kayamba. Mwanawe ameahidi kuja Jumapili hii. Kiti chake tumekiweka mstari wa mbele, upande wa alto, na kalamu ya kusahihishia ratiba iko kwa katibu.