Ben Mtobwa na Vijana wa Nyanda za Buha

Msafiri aondokaye Ujiji akakwea kuelekea Kasulu na Kibondo huiacha nyuma yake michikichi pamoja na hari ya ziwa, akaingia Buha, nchi ya vilima vya baridi, ya migomba na maharage, ambamo lugha ya kwanza kuyagonga masikio yake si Kiswahili bali ni Kiha. Kiswahili kilipanda huku kwa miguu ya watu. Kilikuja kwa misafara ya karne ya 19 iliyoshukia Ujiji. Kikaja tena, na kwa wingi zaidi, katika vinywa vya manamba waliokwenda kukata mkonge Tanga wakarejea na blanketi moja na maneno mengi. Kisha kikakamilishwa na shule. Ndiyo maana kijana wa Buha amekuwa na lugha mbili tangu zama za babu yake, ya mekoni na ya ubaoni, na kila kitabu alichopata kukishika aghalabu kilikuwa cha hiyo ya pili.

Katika mkoa wa Kigoma, zilimo nyanda hizi, ndimo alimozaliwa, mwaka 1958, Ben R. Mtobwa, mtunzi ambaye riwaya zake zilipendwa na vijana wa Tanzania kwa mapenzi ambayo vitabu vingi vya darasani havikupata kuyaonja. Hakuwa wa kwanza katika fani hiyo, na insafu yataka tuwataje waliomtangulia: Muhammed Said Abdulla wa Unguja, aliyemwumba Bwana Msa, Faraji Katalambulla, ambaye Simu ya Kifo yake ilitoka mwaka 1965, na Elvis Musiba, baba wa mpelelezi Willy Gamba. Walakini Mtobwa alipoanza kuandika alikuta hadhira ambayo wenziwe wa mwanzo hawakuwa nayo, kwa sababu kampeni ya elimu ya watu wazima ya miaka ya 1970, na fauka ya hiyo elimu ya msingi kwa wote iliyotangazwa mwaka 1977, vilikuwa vimezalisha katika kila kijiji vijana wenye kusoma na wasio na cha kusoma.

Kijana wa namna hiyo Mtobwa alimpa Joram Kiango: mpelelezi hodari, mtanashati, mwenye kumfuata adui hadi pangoni mwake, naye Nuru ubavuni pake, mwanamke aliye mshirika wake katika hatari. Katika Tutarudi na Roho Zetu? adui ni makaburu wa Afrika Kusini, na msomaji wa miaka ya 1980, ambaye kila siku aliisikia redio ikitaja ukombozi wa kusini, alijiona naye yumo vitani.

Zama hizo karatasi ilikuwa adimu kama sukari na sabuni, na nakala moja ilizunguka mikononi mwa watu wengi mpaka ikachakaa. Nilipata kuishika mojawapo katika nyanda hizi. Jalada lilikuwa limekwisha kutoweka. Mgongo umeshonwa kwa uzi wa gunia, mishono mitano mipana. Pembe za kurasa zimeshika masizi ya koroboi, na hadithi inaanzia ukurasa wa 9. Mwenyewe, kijana aliyeketi juu ya tofali la udongo mwekundu, hakuona upungufu wowote, maana kaka yake aliyekisoma kabla hazijang'oka zile kurasa za mwanzo alikuwa amemsimulia yaliyokuwamo, kwa Kiha.

Wanazuoni waliviita vitabu vya aina hii riwaya pendwa, wakavitenga na riwaya dhati, na katika kuvitenga wengi wao walividunisha. Mimi naona waliwadhulumu wasomaji kuliko walivyomdhulumu mtunzi. Kwani mtu yule yule aliyeandika mikasa ya Joram ndiye aliyeandika Zawadi ya Ushindi, habari ya vita vya Kagera vilivyoanza mwaka 1978 na kijana Sikamona aliyekwenda kupigana; na ndiye aliyeandika Dar es Salaam Usiku, ambamo jiji linatazamwa kutoka upande wa wanyonge wake, kitabu kilichopata tafsiri ya Kiingereza. Hiyo si kazi ya mtu wa kupoteza wakati wa watu.

Tena Mtobwa hakuridhika na kuandika. Aliasisi Heko Publishers, Dar es Salaam, nyumba iliyochapa riwaya zake na za wengineo. Ni Heko hiyo iliyotoa, mwaka 2002, Watoto wa Mama N'tilie cha Emmanuel Mbogo, kisa cha watoto wanaofukuzwa shule kwa kukosa karo na sare, wakaishia kuchokora majalalani. Kitabu hicho kiliingizwa katika orodha ya vitabu vya fasihi vya kidato cha tatu na cha nne, kikafundishwa nchi nzima.

Mtobwa alifariki mwaka 2008. Vitabu vya Joram Kiango havikuingia katika orodha ile ya shule. Bali mwanafunzi wa sekondari wa Kasulu au Kibondo, aliyeamriwa na mwalimu wake kumsoma Mbogo kwa ajili ya mtihani, alipokifungua kitabu chake ukurasa wa mwanzo alilikuta chini kabisa, kwa herufi ndogo, jina la Heko.